Kinyozi Hajinyoi: Mwili wa Kiongozi na Uhai wa Ubunifu

Mwili hauachi kusema. Moyo hupiga, mapafu hujaa na kupungua, tumbo hukaza na kulegea, viganja hutoa jasho, na habari za yote hayo hupanda ubongoni usiku na mchana, mwenye mwili awe anasikiliza au hasikilizi. Milango mitano ya fahamu huleta habari za nje: rangi, sauti, harufu, ladha na mguso. Upo mlango mwingine unaoleta habari za nyumbani, na wataalamu wa ubongo huuhesabu peke yake. Makao yake makuu ni insula, sehemu ya ubongo iliyojificha ndani ya mkunjo wa ubavuni, kulia na kushoto. Hapo njaa, joto, maumivu, pumzi na mapigo ya moyo hukusanywa, vikawa ile hali ambayo mtu huijibu anapoulizwa habari za asubuhi: mzima, mchovu, mtulivu, asiye na amani.

Wasemaji wa Kiswahili waliujua mlango huu kabla ya maabara kuupima. Mtu aliyenusurika kutapeliwa, akasita bila kuijua sababu, husema machale yalimcheza. Asiyeitaka safari husema moyo umekataa. Anayengoja majibu ya daktari huwa roho juu, na majibu yakiwa mema hushusha pumzi. Aliyebanwa kwa maswali hutokwa na kijasho chembamba. Kupumzika kwenyewe kumetoka katika shina moja na pumzi, kana kwamba kazi humnyang'anya mtu pumzi yake na mapumziko humrudishia. Lugha yenye maneno haya imekwisha kumpa kiongozi nusu ya elimu anayoihitaji. Nusu iliyobaki ni kuyachukua maneno hayo kama taarifa, kama anavyozichukua taarifa za mhasibu au za afisa ugani.

Kiongozi anayehusika hapa si mkuu wa nchi pekee. Ni mwalimu mkuu, mwenyekiti wa chama cha ushirika, mganga mfawidhi wa zahanati, imamu, mchungaji, mama aliyeanzisha kiwanda kidogo cha sabuni akaajiri majirani. Kazi inayowaunganisha ni kuamua mahali ambapo jibu halijaandikwa. Mambo ya kawaida huamuliwa na kanuni, na msaidizi yeyote aliyeisoma kanuni anaweza kuyamaliza. Yanayofika mezani kwa kiongozi ni yale yaliyoishinda kanuni: mvua imechelewa na mbegu zimekwisha kununuliwa, wanafunzi wameongezeka na vyumba ni vilevile, mteja mkubwa ameondoka. Hapo ndipo ubunifu unapohitajika, na ubunifu ni kazi ya ubongo ulioshiba damu, sukari, hewa na usingizi. Unaishi mwilini, na mwili ukidhoofika ndio wa kwanza kuondoka.

Uhusiano wa mwili na uamuzi umechunguzwa kwa njia nyingi. Katika miaka ya 1990, Antonio Damasio, Antoine Bechara na wenzao katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwachezesha watu karata zilizopangwa katika mafungu 4. Mafungu 2 yalilipa vizuri lakini yalificha hasara kubwa. Mengine 2 yalilipa kidogo, na aliyeyashikilia aliondoka na faida. Wachezaji walifungwa vipimo vya jasho viganjani. Baada ya karata kadhaa, viganja vya wenye afya vilianza kutoa jasho kila mkono ulipoelekea fungu baya, kabla wachezaji wenyewe hawajaweza kueleza fungu hilo lina kasoro gani. Watu waliojeruhiwa sehemu fulani ya mbele ya ubongo, juu ya macho, hawakutoa jasho hilo la tahadhari. Akili zao za kupiga hesabu zilikuwa salama, lakini waliendelea kuchota hasara, wakiwamo wengine waliokwisha kutambua mafungu mabaya ni yapi. Wanasaikolojia bado wanajadiliana namna ya kuyafasiri matokeo hayo. Hata hivyo, jaribio liliionyesha maabara kitu ambacho Mswahili angekiita machale bila kusita.

Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, akiwamo John Coates, aliyewahi kufanya biashara ya masoko ya fedha kabla ya kugeukia sayansi, waliwaendea wafanyabiashara wa fedha wa London. Waliwataka wahesabu mapigo ya mioyo yao bila kushika mkono wala shingo. Waliohesabu kwa usahihi zaidi ndio waliokuwa wakipata faida zaidi, na ndio waliodumu miaka mingi zaidi katika kazi inayowatupa wengi nje mapema. Waliopimwa walikuwa wanaume 18 tu, idadi isiyotosha kutunga sheria ya maumbile. Inatosha kufuta dhana kwamba anayeusikiliza mwili wake ni mtu laini asiyefaa kwa kazi ngumu.

Lakini machale yana mipaka yake. Mwili hukumbuka yaliyopita, na yaliyopita yana haki na dhuluma ndani yake. Tumbo linaweza kukaza mbele ya mwombaji kazi kwa sababu lafudhi yake ni ngeni, au kwa sababu anafanana na mtu aliyewahi kumdhulumu bosi. Linaweza pia kukaza kwa njaa tu. Kwa hiyo ishara ya mwili ifike kwa kiongozi kama swali: mbona nimebadilika sasa hivi, katika jambo hili, mbele ya mtu huyu? Baada ya swali huja ushahidi, na baada ya ushahidi uamuzi. Asiyelisikia swali huamua akiwa anasukumwa na kitu asichokijua. Anayeligeuza swali kuwa hukumu papo hapo huonea watu.

Mwili unapobanwa hufanya kazi yake ya kale ya kumwokoa mtu. Adrenalini humwagika kwenye damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza. Baada yake hufuata kotisoli, homoni inayoushikilia mwili katika hali ya tahadhari. Mbele ya simba hali hiyo ni neema. Kwenye kikao cha bajeti ina gharama, maana sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopima chaguo mbili kwa pamoja, inayozuia ulimi na kuona njia ambayo haijapitwa, nayo hulegea pale homoni hizo zinapozidi. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ametumia miaka mingi kuonyesha jinsi ubongo uliobanwa unavyoukabidhi usukani kwa sehemu zake za mazoea. Mtu huyo bado anafanya kazi, tena kwa kasi. Anachofanya ni kurudia alichokizoea. Ndiyo maana ofisi ya kiongozi aliyechoka huendelea kutoa barua, kufanya vikao na kulipa mishahara kwa miezi mingi, na wala hakuna anayegundua kwamba tangu mwaka jana halijatoka wazo hata moja jipya.

Cheo chenyewe si sumu. Robert Sapolsky, Mmarekani aliyeanza mwaka 1978 kuwachunguza nyani wa nyika za Maasai Mara nchini Kenya, alipima homoni katika damu zao akaona kwamba kundi likiwa tulivu, wanaonyanyaswa chini ndio wenye kotisoli nyingi. Kundi likivurugika, kila mmoja akigombea nafasi, mzigo huwapanda walio juu. Nchini Uingereza, uchunguzi wa watumishi wa serikali wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 na kuendelezwa na Michael Marmot, ulionyesha kwamba makarani na matarishi walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kikubwa kuliko wakuu wao. Tafiti hizo, pamoja na zilizozifuata, zinaelekeza kwenye jambo moja: mwili huumizwa zaidi na kazi ambayo mtu hana usemi juu yake. Kiongozi mwenye mamlaka juu ya watu 300 lakini asiye na mamlaka juu ya saa moja ya siku yake anaishi kama mtu wa chini kabisa wa kundi.

Na saa za kiongozi wa Afrika Mashariki zina wenyewe wengi. Jumatatu hadi Ijumaa ni vikao. Jumamosi ni harusi na vikao vya harusi, Jumapili ni harambee au ibada aliyoalikwa kuwa mgeni rasmi, na msiba hauna siku. Kukosa kuonekana msibani ni kosa ambalo jamii hulikumbuka kwa miaka, na jamii ina haki yake, kwa kuwa kufika kwa kiongozi ni faraja ya kweli kwa wafiwa. Kila mahali panapoketiwa hapakosi soda, sambusa, maandazi na chai ya sukari. Gari humchukua mlangoni na kumshusha mlangoni, hivyo siku huisha hajapiga hatua 1,000. Tumbo likichomoza, wapo watakaomsifu kwamba kitambi kimemkaa, ishara ya mtu aliyefanikiwa. Usiku simu hulala kando ya mto, na makundi ya WhatsApp ya ofisi, ya ukoo na ya waliosoma pamoja hayajui saa. Kwa mwanamke kiongozi huanza hapo zamu ya pili: chakula, watoto, mgonjwa wa nyumbani, mambo ambayo mwenzake wa kiume hukuta mara nyingi yamekwisha kufanywa na mwanamke mwingine.

Gharama ya mwenendo huo inajulikana kwa takwimu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, kulinganisha na saa 35 hadi 40, kunaambatana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi na la asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeeleza hali ya kuchoshwa na kazi kwa alama 3: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa akili hadi kuidharau, na kupungua kwa ufanisi. Alama ya pili ndiyo inayostahili kuogopwa na mtu anayetaka kubaki mbunifu. Wazo jipya huzaliwa kwa anayejali, na mtu aliyefika hatua ya kudharau kazi yake hana tena sababu ya kutafuta njia bora ya kuifanya.

Ugumu mkubwa uko kwingine, nao ndio kiini cha jambo lote. Uchovu humwibia mtu kwanza kile kipimo cha kujua kwamba amechoka. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Hans Van Dongen walichapisha matokeo ya kuwalaza watu wazima wenye afya kwa muda uliopunguzwa, siku 14 mfululizo. Waliolala saa 6 au pungufu walishuka uwezo wa umakini na kumbukumbu hadi kufikia hali ya mtu aliyekesha usiku 2. Walipoulizwa wanajisikiaje, walisema wana usingizi kidogo tu. Uwezo wao ulizidi kuporomoka kila siku, nao wakadhani wamezoea. Mapema zaidi, mwaka 1997, watafiti wawili wa Australia walikuwa wameonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17, yaani aliyeamka saa 12 asubuhi na kufika saa 5 usiku, hufanya kazi za umakini kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi humpokonya dereva haki ya kushika usukani. Ni wakati huohuo, saa 5 usiku, ambapo viongozi wengi hufungua barua zilizobaki na kuzijibu.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mwenye kisu mkononi, hata akiwa fundi hodari, hakioni kisogo chake. Kiongozi anaweza kuwa na nia njema kabisa ya kujitunza na bado asijue ni lini ameanza kuharibika, kwa sababu chombo cha kujulia ndicho kilichoharibika.

Mfano ulioandikwa sana ni wa Woodrow Wilson, rais wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wilson alikuja na wazo kubwa lililokuwa jipya katika siasa za dunia: kuundwa kwa Shirikisho la Mataifa litakalosuluhisha ugomvi kabla haujawa vita. Mwaka 1919 alikaa miezi Paris akijadiliana, akaugua sana mwezi Aprili, akarudi nyumbani kukuta Seneti inasita kuridhia mkataba wa amani uliobeba wazo hilo. Daktari wake, Cary Grayson, alimtahadharisha. Wilson alipanda treni tarehe 3 Septemba kwenda kuwashawishi wananchi moja kwa moja, safari ya kilomita zipatazo 13,000 na hotuba zinazokaribia 40 kwa wiki 3 tu. Kichwa kilimuuma hata asiweze kulala. Tarehe 25 Septemba, baada ya kuhutubia Pueblo, Colorado, mwili ulikataa, na ziara ikakatishwa. Tarehe 2 Oktoba alipata kiharusi kilichopoozesha upande wake wa kushoto.

Kilichofuata kilikuwa kufichwa. Mkewe Edith na Grayson waliamua nani amwone na karatasi ipi imfikie, na wananchi hawakuambiwa ukubwa wa ugonjwa. Seneta Henry Cabot Lodge alikuwa ametoa masharti ambayo pengine yangeupitisha mkataba, lakini Wilson aliwaelekeza wafuasi wake wayakatae. Mkataba ukaanguka Novemba 1919, ukaanguka tena Machi 1920, na Marekani haikujiunga kamwe na shirikisho ambalo rais wake mwenyewe ndiye aliyelipigania. Wanahistoria hawakubaliani ni kiasi gani ukaidi huo ulikuwa tabia yake ya siku zote na ni kiasi gani ulikuwa ugonjwa. Lililo wazi ni kwamba siku wazo lake lilipohitaji mtu mwepesi wa kujadiliana na kutafuta njia ya tatu, mtu huyo alikuwa kitandani, na hapakuwa na utaratibu wa kumweka mwingine mahali pake. Utaratibu kamili wa rais asiyejiweza uliingia katika Katiba ya Marekani mwaka 1967. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kiongozi anayeficha maradhi huweza kuumbuliwa pamoja na kazi yake angali hai.

Kujitunza basi kunaanza na usingizi, kwa kuwa mengine yote hulala juu yake. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 7 au zaidi kwa mtu mzima. Faida yake haiishii kwenye kuondoa uchovu. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lübeck, Ujerumani, waliwapa watu hesabu ndefu zenye njia ya mkato iliyofichwa, kisha wakawaacha kwa saa 8. Miongoni mwa waliolala, zaidi ya nusu waliigundua njia hiyo waliporudi kwenye hesabu. Miongoni mwa waliokaa macho, iwe usiku au mchana, hawakufika robo. Anayesema nipe niilalie hakwepi uamuzi. Anaupeleka mahali ambapo ubongo huzipanga upya habari za mchana na kuziunganisha na za zamani.

Baada ya usingizi huja kutembea. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba mtu anayetembea huzalisha mawazo mapya mengi kuliko aliyeketi, kwa wastani wa asilimia 60 zaidi, hata akiwa anatembea ndani ya chumba mbele ya ukuta mtupu. Kutembea hakukuwasaidia katika maswali yenye jibu moja sahihi. Kwa hiyo mpango ni rahisi: mawazo yatafutwe kwa miguu, yachambuliwe kwenye kiti. Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere, rais wa Tanzania, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano wa chama chake, TANU. Ilikuwa siasa, lakini ilikuwa pia njia ya kusafiri kwa mwendo unaomruhusu kiongozi kuona shamba, kusalimiwa na kusikia. Dirisha la gari lililofungwa kwa sababu ya kiyoyozi haliruhusu hayo.

Pumzi ndiyo dawa iliyo karibu zaidi. Mtu anapoivuta moyo huongeza kasi kidogo, na anapoitoa hupungua, kazi inayosimamiwa na neva ya vagasi itokayo kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Kupumua taratibu, yapata mara 6 kwa dakika, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, hutuliza mapigo ndani ya dakika chache. Kiongozi anaweza kufanya hivyo mezani, kikao kikiendelea, kabla ya kujibu neno lililomchoma. Hasira hasara, na kati ya hasira na hasara kuna nafasi ya pumzi tatu au nne.

Yapo ambayo mwili hauyasemi kabisa, na hayo hayangojewi yasikike. Presha ya 140 kwa 90 haiumi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na asilimia 46 kati yao hawajui. Kisukari nacho huingia kimya. Kwa hiyo kusikiliza mwili kunakamilishwa na kuupima: presha, sukari na uzito, kwa tarehe zilizowekwa kwenye kalenda kama ukaguzi wa hesabu. Chakula cha vikao kinaweza kubadilishwa kwa agizo moja la kiongozi, maji, matunda, karanga na mihogo ya kuchemsha vikachukua nafasi ya soda na vya kukaangwa, na wafanyakazi wote watafaidi.

Mazoezi hayadai ukumbi wala vifaa. Nelson Mandela, aliyekuwa bondia ujanani, aliendelea kujinyoosha ndani ya chumba chake cha gereza katika Kisiwa cha Robben: kukimbia papo kwa papo hadi dakika 45, kupiga pushapu, kuchuchumaa na kuinuka. Alipohamishiwa Pollsmoor mwaka 1982 alilima bustani ya mboga juu ya paa la gereza, kwenye mapipa ya mafuta yaliyokatwa nusu. Mwaka 1985, aliporudishwa gerezani kutoka hospitali alikopasuliwa tezi dume, aliamua kuanza kutafuta mazungumzo na serikali iliyomfunga, hatua ambayo wenzake hawakuwa wameitarajia. Haiwezi kudaiwa kwamba mboga zilileta mazungumzo. Inaweza kusemwa kwamba mtu aliyenyimwa kila mamlaka alishikilia mamlaka juu ya asubuhi yake, na miaka 20 baadaye alikuwa bado na nguvu ya kuanza jambo jipya.

Kukaa bure nako ni kazi ya ubongo. Ubongo ni yapata asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia asilimia 20 ya nishati yake, na matumizi hayo hayashuki sana mtu anapoacha kazi. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa St. Louis, Marekani, walieleza sehemu za ubongo ambazo huchangamka hasa pale mtu asipokuwa na shughuli ya nje. Tangu hapo zimehusishwa na kumbukumbu, kuwaza yajayo na kuunganisha mambo yaliyo mbalimbali. Waswahili wa mwambao waliipa hali hiyo mahali pake katika nyumba. Baraza ni kiti cha mawe au saruji kilichojengwa mbele ya nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja, ambapo watu hukaa jioni kupunga upepo, kunywa kahawa, kucheza bao na kuzungumza. Neno hilohilo ndilo jina la chombo cha maamuzi: baraza la wazee, baraza la mawaziri. Waliolitumia neno moja kwa yote mawili waliona kwamba shauri jema hutoka kwa watu waliokaa wakatulia.

Mambo haya yote yakiachiwa utashi wa mtu mmoja hayadumu, maana utashi huchoka pamoja na mwenyewe. Mila na dini zilielewa hilo. Adhana haimwulizi mtu kama ana nafasi. Mara 5 kwa siku humwinua kitini, humnawisha, humwinamisha na kumsujudisha. Sabato na Jumapili hazingoji kazi iishe, kwa kuwa kazi haiishi. Wakimbiaji wa Iten na Kaptagat nchini Kenya huwa na siku za mwendo wa pole zilizopangwa na kocha, na bingwa haziruki kwa sababu tu anajisikia vizuri, kwani misuli hujengeka wakati wa kupumzika baada ya kuchoshwa. Kiongozi anayejijua huiga mpangilio huo: saa ya kuzima simu inajulikana na wote, likizo ya mwaka inachukuliwa na wala haiuzwi, siku moja ya wiki haina kikao.

Zaidi ya mpangilio yanahitajika macho ya wengine, kwa ile sababu ya kinyozi. Mke au mume, katibu muhtasi, dereva na naibu huona kabla ya mwenyewe kuona: sauti imepanda, mzaha umekwisha, faili moja imesomwa mara tatu. Lakini katika ofisi nyingi kumwambia mheshimiwa kwamba amechoka ni kama kumvunjia heshima. Ruhusa hiyo lazima itolewe na kiongozi mwenyewe, akiwa bado na nguvu na furaha, kwa mtu aliyetajwa, kwa maneno yasiyo na utata: ukiniona hivi, niambie niahirishe uamuzi, na nitakutii. Daktari awe mtu mmoja anayemfahamu kwa miaka, mwenye uhuru wa kusema asichotaka kusikia.

Hatua ya mwisho ya kujitunza ni kuwa na wa kukaimu. Naibu asiyewahi kuachiwa kiti hajui kukikalia, na kiongozi mwenye naibu wa namna hiyo hawezi kuugua, kulala wala kufikiri. Tarehe 22 Januari 1962, wiki 6 tu baada ya uhuru wa Tanganyika, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Sababu zake zilikuwa za kisiasa: alitaka kukijenga upya chama na kuwaendea wananchi. Miezi hiyo nje ya ofisi ilimpa nafasi ya kusafiri vijijini na kuandika, na mwezi Aprili mwaka huohuo likatoka andiko lake kuhusu Ujamaa. Mwezi Desemba alirudi akiwa rais wa Jamhuri. Serikali haikuanguka alipoondoka, kwa kuwa alikuwapo mtu aliyeaminiwa kuiendesha.

Kwa hiyo mwili wa kiongozi si mali yake peke yake. Wanafunzi, wagonjwa, wanachama na wafanyakazi wanaomtegemea hulipa gharama ya usiku aliokesha na ya maradhi aliyoyaficha, wakati mwingine kwa miaka. Anayelala mapema, anayepima presha, anayetembea jioni na kumwachia naibu kiti kwa wiki 3 anatunza kitu alichokabidhiwa, kama anavyotunza fedha na majengo. Na ubunifu, ambao hauamrishwi wala haununuliwi, huwa na mahali pa kurudi.